Filme za machozi za wachimbaji wa inchi zingine

Jumamosi moja ya kiangazi nilitundika shuka nyeupe kwenye ukuta wa lupango yetu hapa Kolwezi, nikaazima grupu ya jirani, nikaambia watu kwamba leo tunaangalia filme ya Wachina. Sikusema zaidi. Lilikuwa kosa langu, ao tuseme ujanja wangu, maana lupango ilijaa: vijana wa zamu ya asubuhi, ma-creuseur wawili watatu, bamama na watoto mgongoni, na papa mzee mmoja aliyekuwa fundi wa pampu zamani za kampani kubwa. Wote walikuja kuona ngumi na watu wanaoruka juu ya nyumba.

Filme ilianza. Wanaume watatu wanashuka mgodini. Chini kule wanakaa kidogo kupumzika, wanaongea habari za kwao, na mmoja anamuuliza mwenzake kama anakumbuka nyumbani. Kisha wawili wanampiga yule mmoja kichwani, anakufa palepale, na wao wanaangusha mawe ili ionekane ni mgodi umeporomoka.

"Delege, ngumi iko wapi?" mtoto mmoja akauliza. Mama yake akamufinya. Hakuna mtu aliyecheka.

Ile filme inaitwa kwa Kifaransa Blind Shaft, hivyo hivyo kwa Kiingereza. Ilitengenezwa na Li Yang mwaka 2003. Ilipata zawadi Berlin mwaka uleule, Dubu ya Fedha, lakini kwao China haikuruhusiwa kuonyeshwa katika sinema. Ni dakika 92. Nimeiona mara nne na bado sijaizoea.

Niwaeleze kwanza namna nilivyoingia katika mambo haya, juu wengine wananiuliza kama sina kazi. Nikiwa sekondari, mwalimu wa Kifaransa alitusomea Germinal ya Zola, na baadaye kwenye parokia walituonyesha filme yake kwa kaseti, ile ya Claude Berri ya mwaka 1993. Kule Kaskazini ya Ufaransa, wachimbaji wa makaa ya mawe, mgomo, njaa, farasi chini ya udongo. Nilirudi nyumbani usiku nikamwambia baba, ambaye alikuwa mutu wa mungoti maisha yake yote, kwamba Wazungu nao walichimba. Akanijibu: "Sasa ulizani ni nani alitufundisha?"

Tangu siku hiyo nina kaye. Ndani yake naandika majina ya filme zote za wachimbaji ninazosikia. Kuandika ni rahisi, kupata njo mateso. Ukienda sokoni utapata vita, karate, filme za Nigeria zenye wachawi, mahubiri, na za Kinshasa za mwanaume mwenye bibi wawili. Sizidharau. Bibi yangu anazipenda na mimi naziangalia pembeni yake. Lakini filme ambayo ndani yake mtu anavaa kaske, anashuka, anapanda na uso mweusi, analipwa kidogo, anakufa, na hakuna polisi anayekuja mwishoni kufunga wabaya, ile hakuna muuzaji ataiweka juu ya meza. Kutafuta kwenye intaneti nako, filme moja inakula mega za wiki nzima, na inakatika njiani. Mimi naokolewa na mtoto wa dada yangu anayesoma Ubelgiji. Anazitafuta kule, anaziweka kwenye fulashi, fulashi inasafiri ndani ya kiatu cha mtu anayekuja. Moja ilichukua miezi minane kunifikia.

Kisha kuna shida ya luga. Wachina wa kwenye filme wanasema Kichina, na chini ya picha maandiko ya Kifaransa yanapita mbio. Nusu ya watu wangu hawasomi Kifaransa haraka namna ile. Kwa hiyo mimi nasimama karibu na shuka na kusoma kwa Kiswahili, kwa sauti. Uganda kuna watu wanafanya kazi hii katika vibanda vya videyo, lakini wao wanaongeza vichekesho. Mimi siku ile sauti ilikauka kabla ya nusu.

Sasa habari yenyewe. Wale wauaji wawili wanaitwa Song na Tang. Kazi yao ni hii: wanatafuta mtu masikini asiye na kazi, wanamwambia kuna mgodi mzuri, lakini lazima aseme kwamba yeye ni ndugu yao. Wanaingia kazini wote. Baada ya siku chache wanamuua chini, wanalia sana mbele ya bwana wa mgodi, na bwana wa mgodi, ambaye hana karatasi zote za serikali na anaogopa wakaguzi, anawalipa feza za kifo ili wanyamaze. Wanagawana. Mwili unachomwa. Song anaenda posta kutuma sehemu yake kwa mtoto wake, alipe masomo.

Hapo papa mzee wa pampu alisema, "Ah!" Ni hilo tu alisema. Nilimwelewa. Mtu mbaya kabisa, na bado analipa minerval kama siye wote.

Mara ya pili wanampata kijana wa miaka 16. Ameacha shule kwa kukosa feza, na anatafuta baba yake aliyeondoka kwenda migodini na hakurudi. Song anaona picha ya yule baba na roho inamruka: labda ni yule waliyemuua mwanzo. Wanamuchukua mtoto hata hivyo. Na wanamfundisha amwite Song kwa jina la ukoo. Maandiko ya Kifaransa yanasema tu "oncle". Mimi nikasoma "mjomba". Papa mzee akanikatiza mbele ya watu wote:

"Delege, mjomba ao baba mudogo?"

Nikasema Kifaransa hakionyeshi.

"Basi sema baba mudogo. Mutu akikufa, baba mudogo njo anakulaka feza."

Lupango yote ikanguruma, wengine walicheka, lakini si kicheko cha furaha. Nikaendelea kusoma "baba mudogo" mpaka mwisho, na kila mara mtoto alipomwita Song hivyo, niliona bamama wanatikisa kichwa. Yule mtoto ni mwema. Mshahara wake wa kwanza ananunua kuku ili wale pamoja na baba mudogo wake. Ana vitabu vyake vya shule ndani ya mzigo. Song anaanza kuchelewesha: mtoto hajanywa pombe hata mara moja, hajamjua mwanamke, tusimuue hivyo hivyo. Tang anakasirika. Siku ya mwisho chini ya udongo wanageukiana wao wawili, mtoto anakimbia, baruti inalipuka. Na nani anaitwa ofisini kupokea feza za kifo cha Song? Mtoto. Juu karatasi zinasema ni ndugu. Anasaini, anapokea, na tunamwacha anatazama moshi unatoka kwenye bomba la mahali wanapochoma maiti.

Kijana mmoja wa zamu ya asubuhi alisema kitu ambacho sikutegemea. Alisema, "Mi nalizani Mchina anazaliwaka bosi." Kolwezi tunawaona hivyo kweli, wenye magari, wenye funguo, wanaopiga kelele kwa kapita. Hatujawahi kumuona Mchina mwenye njaa anayevua nguo za kazi na kuhesabu feza kidogo mkononi. Katika ile filme kuna bosi mmoja anayesema kwamba inchi yake imekosa kila kitu isipokuwa watu. Niliposoma hilo kwa Kiswahili, wengine walidhani nimeongeza mimi.

Lakini swali lililonipiga lilitoka kwa mama mmoja aliyekaa nyuma juu ya bidon. Aliuliza: "Na bibi ya ule mutu wa kwanza, banamwambia?" Nikajibu hapana, wauaji walitumia jina la uongo, bibi yake hajui kitu, labda bado anangoja. Mama akasema, "Basi filme haijaisha."

Usiku ule sikulala vizuri, na sababu si filme peke yake. Miaka kumi hivi iliyopita, katika kampani ambayo sitaitaja, mwenzetu mmoja aliangukiwa na jiwe. Sisi madelege wawili tuliitwa ofisini siku ya kulipa. Mezani kulikuwa mkubwa wa wafanyakazi, mwandishi wake, sisi wawili, na mdogo wa marehemu, baba mdogo wa watoto. Mjane alikuwa nje chini ya muembe na watoto watatu. Waliuliza nani anawakilisha familia, yule ndugu akanyoosha mkono. Tukasaini kama mashahidi. Mimi nilisaini. Walitupa Fanta baridi na mimi nikainywa, kulikuwa joto. Baada ya kilio, baba mdogo alichukua feza, televizyo na hata bati za jikoni, na yule mama akapanda treni na watoto kurudi kwao upande wa Kamina. Sikuiba hata falanga moja. Lakini sahihi yangu iko pale.

Na sheria nilikuwa naijua. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 inaweka watoto wa marehemu kuwa warithi wa kwanza, hata waliozaliwa nje ya ndoa kama baba aliwatambua. Ndugu za marehemu hawatangulii mbele ya watoto. Nilikuwa nayo ndani ya sanduku. Siku ile hakuna aliyeifungua, na mimi ni mmoja wao.

Tangu tuangalie Blind Shaft, sisaini kabla mjane hajakaa mezani, yeye mwenyewe, na karatasi isomwe kwa Kiswahili. Mara mbili nimekataa kalamu. Mara moja walisaini bila mimi. Nawaeleza jinsi ilivyo.

Watu wengi wananiambia: delege, sisi tunatoka kwenye huzuni, unatuonyesha huzuni tena, tupe kitu cha kucheka. Wana haki. Siwezi kumlazimisha mtu aliyetoka chini saa kumi na mbili aangalie mtu mwingine anashuka. Lakini nimeona jambo moja: filme za kuchekesha wanaondoka zikiisha. Hizi za machozi wanabaki. Siku ile ya Wachina grupu ilizimwa saa tatu na watu walikuwa bado pale saa tano, gizani, wanasimulia vifo ambavyo mimi delege sikuwahi kuvisikia.

Filme ya pili niliyoonyesha ilikuwa fupi, kama nusu saa, na haina sauti ya watu: Misère au Borinage, ya Henri Storck na Joris Ivens, iliyopigwa mwaka 1933. Borinage ni sehemu ya Ubelgiji karibu na Mons, inchi ya makaa ya mawe. Mwaka 1932 wachimbaji wake walifanya mgomo mkubwa, walishindwa, na wengi wakafukuzwa kazi na nyumba. Wale wawili walipiga picha kwa kujificha, polisi wakiwatafuta, wakilala kwa wachimbaji wenyewe. Ubelgiji iliikataza katika sinema za kawaida.

Kuna picha moja pale ambayo bamama waliniomba nirudishe nyuma. Mtu wa mahakama anakuja kuchukua vyombo vya familia isiyolipa. Majirani wanaingia wote ndani ya nyumba na kukaa juu ya vyombo: juu ya kiti, juu ya kitanda, juu ya meza. Wanakaa tu. Hawapigani, hawatukani. Huwezi kubeba kiti ambacho mtu amekikalia. Na picha nyingine: milima ya makaa ya mawe imelundikwa, inalindwa, na pembeni wanawake na watoto wanakwaruza takataka za mgodi kutafuta vipande vya kuwasha moto, juu ni baridi na nyumba haina kitu. Hapo sikuhitaji kusoma chochote. Anayekaa karibu na mlima wa takataka za mgodi hapa kwetu anajua hiyo kazi ya kukwaruza.

Papa mzee wa pampu alikaa kimya mpaka mwisho. Kisha akasema polepole: "Babelgiji nabo balifukuzwaka mu nyumba?" Baba yake alifanya kazi Union Minière zamani zile, miaka ya 30, wakati shaba ilianguka bei na maelfu ya wafanyakazi walirudishwa vijijini. Nyumbani kwao walisimulia kufukuzwa huko kama jambo ambalo Mzungu alifanya kwa mtu mweusi, na ni kweli alifanya. Lakini hakuna aliyewaambia kwamba miaka ileile, kule Mzungu alikotoka, mchimbaji mweupe alikuwa anatolewa kitanda chake nje. Naona hilo lilimsumbua mzee zaidi ya kumfurahisha. Alichukua fimbo yake akaenda bila kuaga, na Jumapili akarudi kuuliza kama ninayo nyingine.

Nyingine ninayo: El coraje del pueblo, ya Jorge Sanjinés, inchi ya Bolivia, mwaka 1971. Hii ilikuwa ngumu kuliko zote kuipata. Televizyo ya Italia ilisaidia kuilipa, lakini mwaka uleule askari walichukua utawala Bolivia na filme haikuonekana kwao kwa miaka. Inasimulia usiku wa Mtakatifu Yohana, tarehe 24 mwezi wa sita 1967, kwenye mgodi wa Siglo XX, mgodi wa bati, ile madini yetu ya Manono. Rais Barrientos alikuwa amekata mishahara yao mwaka 1965. Wachimbaji walikuwa wamekusanyika kwa mkutano wa sendika, na usiku ule ni sikukuu, watu wanawasha moto njiani na kunywa juu kule milimani ni baridi kali. Alfajiri, wakati wengi wamelewa ao wamelala, askari waliingia na kupiga risasi.

Ajabu ya hii filme ni kwamba wanaoicheza ni wenyewe walionusurika. Hawakuleta maaktere. Mama anayekimbia ni mama aliyekimbia. Kuna mmoja anayeitwa Domitila Barrios de Chungara, bibi wa mchimbaji, mkubwa wa kamati ya wanawake wa nyumbani wa Siglo XX. Baadaye, mwaka 1975, alisema mbele ya mkutano wa wanawake wa dunia nzima kule Mexico. Yumo ndani ya filme, anacheza maisha yake. Na pale wanawake wanapokwenda kwenye duka la kampani ambapo chakula kimekwisha, wanapomzunguka mkubwa na kumuuliza watoto wale nini, bamama wa lupango yetu walisimama. Sisemi kwa mfano, walisimama kwa miguu. Duka la kampani, hiyo ni posho! Wakubwa kati yao wanakumbuka kupanga mstari na mfuko kungoja unga, na wanakumbuka miezi ambayo mstari ulikuwepo na unga haukuwepo. Mama mmoja aliongea na shuka kama vile Domitila anamsikia: "Umwambie, mama! Umwambie!"

Tulipomaliza, waliniuliza yetu iko wapi.

Nilijua wanasema nini. Mwezi wa kumi na mbili 1941, wakati wa vita, wafanyakazi wa Union Minière waligoma kwa ajili ya mshahara. Shaba yao ilikuwa inaenda vitani na bei ya nguo na chakula ilipanda. Tarehe 9 walikusanyika kwenye uwanja wa mupira wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, na askari wakapiga risasi. Walikufa makumi ya watu, na kati yao Léonard Mpoyi, aliyekuwa anawasemea. Kila mwanasendika wa Katanga anajua jina lile. Lakini filme ya siku ile mimi sijawahi kuiona, wala ya Mzungu wala ya kwetu. Bolivia ilingoja miaka 4 tu, ikawarudisha walionusurika palepale walipopigwa risasi. Siye tumengoja zaidi ya miaka 80, na waliokuwepo hawapo tena.

Nilipowaambia hivyo, papa mzee wa pampu akasema baba yake alikuwa Lubumbashi mwaka ule. Alikuwa pale uwanjani ao hapana, hajui. Baba hakutaka kusema, ila hakuwahi tena kwenda kuangalia mupira. Maisha yake yote. Watoto walidhani hapendi tu.

Hiyo nimeirekodi kwa telefone. Ni dakika 11, kuna mbwa anabweka, na katikati mjukuu anakuja kuomba feza ya mkate. Mzee hakukubali nirudie. Mpaka leo nimepata wazee wengine wawili wanaokubali kusema mbele ya telefone, mmoja Likasi na mmoja Kipushi, watoto wa watu wa wakati ule. Kama kwako kuna mzee wa namna hiyo, muulize kwanza yeye mwenyewe kama anataka, usimlazimishe. Kisha uniletee habari kwenye ofisi ya sendika.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi, tukipata mafuta ya grupu, tutaangalia Kameradschaft ya Pabst, ya mwaka 1931. Inatoka kwenye ajali ya Courrières kule Ufaransa, mwaka 1906, ambapo walikufa wachimbaji 1,099, na Wajerumani wakavuka mpaka kuja kuwatafuta wenzao. Kuna nakala zinazozunguka ambazo mwisho wake umekatwa. Yangu iko nzima, nimeangalia. Wanasema Kifaransa na Kijerumani mle ndani, kwa hiyo nitasoma nusu tu. Kila mtu aje na kiti chake, ao bidon. Na watoto wabaki nyumbani hii mara, kuna gesi na kuna maiti.